Paka Kaingiaje Baharini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko Kidato cha 2 hapa Uyole, Mbeya. Kwenye kijitabu chake nimekuta "samaki paka wa baharini mwenye miiba ya sumu". Ndiye kambale?

JIBU: Marahaba, mama. Siye. Anaitwa hongwe, wengine huko pwani humwita fumi. Hukaa baharini na kwenye mikoko, mito inapomwaga maji. Kambale wetu wa Ziwa Rukwa ana pezi refu la mgongoni lisilo na mwiba. La hongwe ni fupi, na mbele yake kuna mwiba wenye meno kama msumeno. Dume lake huatamia mayai mdomoni, halili mpaka yaanguliwe.

Swali lako limeisha. Sasa huyo paka.

Waingereza walimwona samaki mwenye sharubu wakamkumbuka paka, wakamwita "catfish". Haki yao. Sisi tuliziona sharubu hizohizo (neno la Kiarabu, lenye asili ya kunywa) tukamkumbuka mwenye nyumba. Ndiyo maana kaya ambayo kila mtu anatoa amri ni nyumba ya kambale: baba ana sharubu, mama ana sharubu, watoto nao wana sharubu. Hebu iite nyumba ya samaki paka uone nani atacheka.

Juzi niliingia mgahawa mmoja Mwanjelwa. Ubaoni, kwa chaki: "Ugali Samaki Paka 6,000". Mimi niliyewahi kukaa Tanga nikameza mate, nikijua ni samaki wa kupaka, yule wa tui zito la nazi. Kikaja kipande cha kambale wa moshi, cheusi kama kiatu cha sikukuu, kwenye mchuzi wa nyanya. Nikamuuliza binti. "Mzee, ni kambale, ila bosi anasema hilo jina la kishamba."

La kishamba! Ng'ambo ya barabara kina mama wanamwita kambale tangu asubuhi, na anaisha. Tena kile kipande kilikuwa kitamu, nikakimaliza chote. Ndicho kilichoniudhi zaidi.

Watu hawa wa kutafsiri Kiingereza neno kwa neno wakiachwa hawakomi. Wanasema "samaki nyota" na kiti cha pweza kipo. Wanasema "samaki jeli" na konyeza anawawasha waogeleaji kila siku.

Mwanao afute "samaki paka" kwenye kijitabu, aandike hongwe, kwa wino. Ila paka huyo akitokea kwenye mtihani, amjibu tu kwa adabu, achukue maksi zake.