Beki niliyemcheka

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Ni nani katika michezo uliyemcheka, kisha ukaja kujua ulimkosea?", limenifanya nianze barua mara tatu. Nilitaka kumtaja golikipa mmoja wa mtaani kwetu, lakini huyo hakuna anayemjua. Basi namtaja mtu ambaye kila aliyewahi kulipa kiingilio cha kibanda umiza anamjua: David Moyes, kocha wa soka, Mskoti mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi wiki nzima.

Msimu wa 2013/14 nilikuwa Morogoro, na kila Jumamosi ulinikuta kwenye mabenchi ya mbao ya kibanda kimoja karibu na stendi ya daladala. Mimi ni Manchester United tangu shule ya msingi. Sir Alex Ferguson alikuwa ameondoka na ubingwa wake wa mwisho, tumewaacha wa pili kwa pointi 11, na siku ya kuaga aliwaambia mashabiki kwamba kazi yao sasa ni kusimama na kocha mpya. Kocha huyo mpya alikuwa Moyes, na mkataba wake ulikuwa wa miaka sita. Tulisimama naye mpaka Septemba hivi. West Brom walipokuja uwanjani kwetu Old Trafford wakatufunga 2-1, tukaanza kukaa chini mmoja mmoja.

Mwenye kibanda, mzee tuliyemwamkia shikamoo hata tukiwa na hasira, alikuwa shabiki wa Everton. Najua, hata mimi sikuwahi kumwona mwingine. Aliipenda siku za Joseph Yobo na Yakubu Aiyegbeni, Wanigeria wawili waliocheza chini ya Moyes, na kwa Steven Pienaar wa Afrika Kusini mzee akawa ameshanasa. Desemba 2013 Everton wakaja Old Trafford wakashinda 1-0, ushindi wao wa kwanza pale tangu 1992. Sisi tukamrushia Moyes maneno kwenye skrini. Mzee hakushangilia. Alisema, "Wanangu, huyo mmemkabidhi jumba la kifahari, na kazi aliyosomea yeye ni kuziba paa linalovuja." Tukacheka zaidi.

Mimi mwenyewe nilicheza ndondo, mpira wa mtaani, namba tano, beki wa kati asiye na mbio. Ilinichukua miaka mingi kuona kwamba aliyetakiwa kuielewa kauli ya mzee kuliko wote mle ndani ni mimi.

Moyes alizaliwa Glasgow mwaka 1963. Utotoni alipitia Drumchapel Amateurs, timu ya vijana ambayo baba yake alikuwa miongoni mwa walioiendesha, na ambayo Ferguson naye aliichezea miaka mingi kabla. Akaingia Celtic. Msimu wa 1981/82 alipata medali ya ubingwa wa Uskoti, na ukiishia hapo utadhani ni mwanzo wa nyota. Sivyo. Mechi zake zote za ligi pale Celtic ni 24. Mwaka 1983 akauzwa kusini, Cambridge United ya daraja la pili Uingereza, na msimu huohuo Cambridge ilicheza mechi 31 za ligi mfululizo bila kushinda hata moja.

Hapo naomba msomaji atulie kidogo. Mechi thelathini na moja! Kuanzia Oktoba mpaka Aprili. Wewe ni beki wa miaka 20, umetoka kwenye timu bingwa, na kila wiki unaingia uwanjani ukijua mvua inakuja na mwavuli umetoboka. Timu ikashuka daraja, na msimu uliofuata ikashuka tena. Mshambuliaji katika timu ya namna hiyo hujifariji na kabao kamoja. Beki hana pa kujificha, kila goli linapita mbele ya macho yake, na akirudi nyumbani analihesabu upya. Nadhani sura ile tuliyoicheka ilianza kukunjamana huko.

Baada ya hapo alizunguka kama fundi wa kuitwa: Bristol City, ambako mwaka 1986 alicheza Wembley na kutwaa kombe la timu za madaraja ya chini, kisha Shrewsbury, akarudi Uskoti kwa Dunfermline na Hamilton, halafu Preston North End mwaka 1993. Zaidi ya mechi 500 za ligi kwa jumla, na hakuna hata moja katika ligi kuu ya Uingereza. Alianza kusomea ukocha akiwa na miaka 22 tu, umri ambao wachezaji wengi bado wanahesabu magari. Pale Preston, mwaka 1995, alicheza timu moja na kijana aliyeletwa kwa mkopo kutoka Manchester United, aitwaye David Beckham. Kijana alikaa mechi tano akaondoka zake. Moyes akabaki.

Januari 1998, Preston ikiwa inaning'inia, wakampa ukocha. Hakuletwa kutoka nje kwa mbwembwe, alitolewa chumba kilekile cha kubadilishia nguo na kukabidhiwa funguo. Akaizuia timu isishuke. Mwaka 2000 akaipandisha ikiwa bingwa wa daraja lake, na mwaka uliofuata ikabakiza mechi moja tu kuingia ligi kuu, Bolton wakaizima 3-0 kwenye fainali ya mchujo kule Cardiff. Machi 2002 Everton wakamchukua, nao wakiwa wanaukaribia mstari wa kushuka. Unaona mtiririko? Haitwi mahali penye sherehe, huitwa panapofuka moshi.

Everton alikaa miaka 11, na hapo ndipo mzee wa kibanda alipompendea. Hakuwa na fedha za kushindana na akina Chelsea, kwa hiyo alinunua kama mama anavyonunua sokoni jioni, bei zikishashuka. Tim Cahill alitoka Millwall. Seamus Coleman alitoka Sligo Rovers ya Ireland kwa pauni 60,000, akaja kuwa nahodha. Wayne Rooney alimkuta palepale nyumbani, akamchezesha akiwa na miaka 16, na Oktoba 2002 yule mtoto akaifunga Arsenal dakika ya mwisho na kukata mfululizo wake wa mechi 30 za ligi bila kufungwa. Walipomuuza Rooney mwaka 2004 kila mtu alijua Everton wamekwisha. Msimu huohuo wakamaliza wa nne.

(Rooney huyo baadaye alirudi Everton, na Julai 2017 tukamwona kwa macho yetu Dar es Salaam, akiwafunga Gor Mahia kwa shuti la mbali. Nilikuwa jukwaani. Kocha alikuwa Ronald Koeman, kwa hiyo deni langu kwa Moyes sikuweza kulilipa siku ile.)

Sitaki kumpamba kupita kiasi. Katika miaka hiyo yote 11, kwenye ligi hakuwahi kushinda ugenini kwa Arsenal, Liverpool, Chelsea wala Manchester United. Alikwenda kwa wakubwa kama mgeni anayekaa ukingoni mwa kiti. Na alipohamia kwetu alikuja na ukingo ule wa kiti. Aliwaacha waende makocha wasaidizi walioijua nyumba, Mike Phelan, René Meulensteen na Eric Steele, akaleta watu wake wa Everton. Hilo ni kosa lake, silisamehe hata leo. Fellaini, kiungo wake wa Everton, akamnunua saa za mwisho za dirisha la usajili kwa pauni milioni 27.5, ilhali majira yaleyale ya kiangazi mkataba wa mchezaji huyo ulikuwa na kifungu cha kumruhusu kuondoka kwa milioni 23.5.

Halafu ile ya Fulham. Februari 2014, Fulham wako mkiani, wamekuja Old Trafford, na tunawapigia krosi zaidi ya 80. Kibandani tulianza kuzihesabu kwa sauti, watu wakaufanya mchezo. Ikaisha 2-2. Beki wao Dan Burn alisema baadaye kwamba hakuwa amepiga vichwa vingi namna ile tangu alipocheza madaraja ya chini kabisa. Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Krosi 80 ni mawazo ya beki anapojaribu kushambulia. Anapiga kile ambacho yeye, enzi zake, hakupenda kupigiwa. Hakuwa mjinga, alikuwa anaiogopesha Fulham kwa vitisho vya Shrewsbury.

Machi mashabiki wakakodi ndege ndogo ipeperushe bango la kumtaka aondoke. Aprili akafungwa 2-0 Goodison Park, kwake kwa zamani, na siku mbili baadaye akafungashiwa virago. Mechi 51. Siku hiyo kibandani tulimnunulia mzee soda kwa kejeli. Aliinywa taratibu mpaka ikaisha, akarudisha chupa, akasema asante.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kutangatanga. Real Sociedad kule Hispania, mwaka mmoja hivi, ingawa aliifunga Barcelona 1-0. Sunderland akashuka nayo daraja mwaka 2017, na hiyo nayo tuliicheka. West Ham wakamwita awaokoe, akawaokoa, wakamshukuru kwa kumtafuta mwingine. Desemba 2019 wakamrudia, moshi unafuka tena. Mwingine angewauliza mlikuwa wapi. Yeye akaenda.

Mara ya pili hiyo akawafikisha nafasi ya sita kwenye ligi, kisha ya saba na nusu fainali ya Europa League, kombe la vilabu vya Ulaya. Na tarehe 7 Juni 2023, Prague, fainali ya Conference League, kombe jingine la Ulaya, dhidi ya Fiorentina. Saïd Benrahma akafunga penalti, Bonaventura akasawazisha, na dakika ya 90 Lucas Paquetá akapenyeza pasi, Jarrod Bowen akatoka mbio peke yake na kufunga. Kocha wa miaka 60 akakimbia pembeni ya uwanja kama mtoto aliyeachiwa baiskeli. West Ham hawakuwa wameshika kombe kubwa tangu 1980. Yeye mwenyewe, baada ya mechi zaidi ya 1,000 za ukocha, hilo ndilo lilikuwa kombe lake kubwa la kwanza. Medali akaivua, akamvalisha baba yake, mzee wa miaka 87, yule wa Drumchapel.

Niliangalia kwenye simu, nikiwa kwenye basi la usiku. Kesho yake nilimpigia mwenye kibanda. Kibanda kilishafungwa zamani, sasa pale wanatoa na kuweka fedha za simu, naye amehamia kijijini kwao. Nilimwambia, "Mzee, yule beki wako amepata kombe." Akaniuliza kama baba yake Moyes bado yu hai. Nikamwambia yu hai, na medali kavalishwa yeye. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunieleza habari za mahindi yake.

West Ham aliondoka 2024. Januari 2025 Everton wakawa wamebakiza pointi moja tu juu ya mstari wa kushuka, na uwanja wao wa Goodison Park ukiwa kwenye miezi yake ya mwisho kwa timu ya wanaume. Nani aliitwa, nadhani sina haja ya kusema. Tarehe 18 Mei 2025 aliwaongoza kuuaga uwanja ule kwa 2-0 dhidi ya Southampton, magoli yote ya Msenegali Iliman Ndiaye. Timu ikabaki salama, ikamaliza ya 13.

Mimi bado ni Manchester United. Tangu tulipomfukuza Moyes tumepitia makocha wa kila aina, na ubingwa wa ligi hakuna aliyetuletea. Msimu huo wa 2024/25 tulimaliza wa 15.