Madaftari mawili: ndege wa kazini na ndege wa Jumamosi

Vijana wanaoanza utafiti wa ndege huku Nyanda za Juu Kusini huniuliza swali moja kwa namna tofauti. Mmoja anataka kujua kama ataendelea kufurahia kuangalia ndege akishaanza kulipwa kuwahesabu. Mwingine amefundishwa kuvisha pete, yaani kumnasa ndege kwa wavu, kumtia mguuni pete yenye namba na kumwachia, na sasa anatafuta nyavu zake mwenyewe ili awe anafanya wikiendi nyumbani kwao Mafinga. Nimekaa kwenye kazi hii miaka 13, makazi yangu Uyole, na nimekosea pande zote mbili. Naandika nilivyoona mimi.

Jibu langu ni hili. Kuangalia ndege kunaweza kuwa kazi Jumatatu na starehe Jumamosi, na mtu asipungukiwe na kitu. Kuvisha pete hakuwezi kuwa starehe tupu hata siku moja, kwa sababu gharama yake anailipa ndege. Hapo ndipo nilipochora mstari wangu, na nilichelewa kuuchora.

Niseme kwanza kuhusu macho. Kazini tunahesabu kwa vituo: unasimama mahali ulipopangiwa dakika 10, unaandika kila ndege unayemwona au kumsikia na umbali wake, kisha unatembea hadi kituo kinachofuata. Ukiwa njiani huandiki. Utaratibu huo ni mzuri, maana ndio unaofanya hesabu ya mwaka huu ilingane na ya mwaka jana. Lakini ukiufuata miezi mfululizo, unakuingia mwilini. Mwaka wangu wa tatu tulikuwa juu Kitulo, Desemba, nyasi zimeloa na maua yameanza. Kati ya kituo cha sita na cha saba, mbayuwayu mmoja akapita usawa wa nyasi, mweusi wa kung'aa, mkia wake una nyuzi mbili ndefu. Akazunguka mara moja, akazama ardhini. Msaidizi wangu, kijana wa Matamba, akasema, "Dada, yule kaingia shimoni." Nikamjibu twende, muda unatuishia.

Jioni, kikombe cha chai mkononi, ndipo kilichopita kikanifikia. Yule alikuwa mbayuwayu wa bluu. Huja kwenye majani ya milimani kama haya yetu wakati wa mvua, hujenga kiota cha udongo na nyasi ndani ya mashimo, mara nyingi yale yaliyochimbwa na muhanga, kisha huondoka kwenda upande wa Ziwa Viktoria, Uganda na Kenya. Ni ndege aliye hatarini duniani, na sababu kubwa ni kwamba majani anayotegemea yanageuzwa mashamba na misitu ya kupandwa. Nimepita kando ya kiota chake nikiangalia saa! Kesho yake tulirudi. Ukungu ulikuwa mzito, mashimo mengi, na hatukulitambua lile.

Siku ile nilinunua daftari la pili, dogo la mfukoni. La kwanza ni la kazi, lina safu zake na namba za vituo. La pili linapokea yote yanayotokea nje ya utaratibu: wa njiani, wa kwenye paa la hoteli, wa chooni. Nina sheria moja juu yake. Kilichomo kwenye daftari la mfukoni hakihamii kwenye daftari la kazi, hata kiwe kitamu kiasi gani. Mtu akiwa starehe huandika ndege anayemshtua. Shore anayeimba kwenye waya wa umeme kila alfajiri hakuna anayemwandika. Ukisoma madaftari yangu ya Jumamosi ya miaka ile ya mwanzo utaamini Mbeya ina tai wengi kuliko shore.

Dawa yake niliipata baadaye, nayo ndiyo ninayowasisitizia wanaoanza. Hata ukiwa matembezini, andika saa ya kuanza, saa ya kumaliza, mahali, na ndege wote uliowatambua, kunguru na shore wakiwemo. Orodha kamili ya nusu saa nyuma ya Soko la Matola ina thamani kuliko jina moja la ndege adimu lisilo na saa wala mahali, kwa sababu kwenye orodha kamili hata kutoonekana kwa ndege kunasema jambo. Za kwangu naziingiza eBird, mtandao wa kuhifadhi orodha za ndege, ambao umekuwepo tangu 2002. Inachukua dakika chache na haiharibu raha. Kwangu imeiongeza, maana nilianza tena kuwaona ndege wa kawaida.

Mtu asidharau jicho lililopumzika. Kwale wa Udzungwa alikuwa hajulikani kwa sayansi hadi 1991, na watafiti wa Denmark waliokuwa kambini milimani huko Iringa walimgutukia kwenye chakula: walishangazwa na miguu ya ndege ndani ya sufuria, haikufanana na ya kuku wala ya kwale wanayemjua. Alipewa jina la kisayansi 1994. Kila nikipita Ilula nikaiona ile milima kwa mbali namkumbuka. Muda ule hakuna aliyekuwa kwenye kituo na saa mkononi. Watu walikuwa wanasubiri kula.

Sasa nyavu.

Nilijifunza kuvisha pete kwa mwalimu mkali, na namshukuru. Unamtoa ndege wavuni ukianzia upande alioingilia, miguu kwanza. Unamshika shingo ikiwa katikati ya kidole cha shahada na cha kati, bila kubana kifua, kwa sababu ndege hupumua kwa kutanua kifua na ukikibana umemnyima hewa. Pete huchaguliwa kwa unene wa mguu, hukazwa kwa koleo hadi ncha zikutane, kisha unaijaribu: izunguke, ipande na kushuka, isipite juu ya vidole. Ina namba yake, na maandishi yanayoelekeza taarifa zipelekwe Makumbusho ya Nairobi. Baada ya hapo ni bawa kwa rula, manyoya yanayobadilika, mafuta chini ya ngozi ya koo, na mwisho mizani. Mkono uliozoea humaliza yote kwa dakika mbili tatu.

Nilipoyaweza hayo nilijiona nimefika. Rafiki yangu ana shamba karibu na Tukuyu, lina parachichi na migomba na ukanda wa msitu kando ya mfereji, akaniruhusu kufunga nyavu Jumamosi. Nikafunga mbili za mita 12. Nikaalika wenzangu na watoto wao, tukaja na chupa ya chai na vitumbua. Nilisema tutazikagua kila dakika 20. Mazungumzo yakanoga. Niliposimama zilikuwa zimepita dakika 35, na manyunyu yameanza.

Kwenye wavu wa pili walikuwamo 19. Walikuwa wale vindege vya kijani vyenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambavyo hutembea kundi zima vikiitana. Akinaswa mmoja hulia, na wenzake humfuata. Mwenye kujua kuwatoa nilikuwa peke yangu. Hapo sahihi ilikuwa kusahau pete kabisa, kuukunja ule wavu mwingine usinase tena, na kuwatoa na kuwaachia papo hapo. Mimi nikaanza kuwatia kwenye vifuko vya kitambaa ili niwavishe, kwa sababu wageni walikuwa wanatazama na 19 ilikuwa namba nzuri. Mfuko wa chini wa wavu, ule mkunjo ndege anamodondokea, ulikuwa umelegea kwa uzito, unagusa majani yenye maji. Watatu walikuwa wamelowa. Wawili walipata joto kwenye kifuko ndani ya koti langu wakaruka. Wa tatu alifia kiganjani. Alikuwa na gramu 10, na moyo wake niliusikia kwa kidole gumba hadi ulipoacha.

Binti wa rafiki yangu, darasa la tatu, aliniuliza, "Shangazi, sasa ulikuwa unamtakia nini?" Sikuwa na jibu. Kazini ningekuwa nalo, maana kuna swali la utafiti, fomu, na mtu atakayetumia takwimu. Pale shambani nilikuwa nimewanasa kwa sababu nina nyavu na napenda kuwashika. Kupenda kwangu hakukumtosha yule ndege.

Nilikaa miezi saba bila kufungua wavu nje ya kazi. Niliporudi nilirudi na swali, dogo lakini la kweli: je, ndege waitwao kurumbiza wanaokaa kwenye ukanda ule wa mfereji ni walewale mwaka hadi mwaka? Swali likapanga kila kitu. Nyavu hufungwa mahali palepale, saa zilezile, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na sizidishi mbili hata nikiwa na msaidizi. Idadi ya nyavu inategemea mikono inayojua kutoa ndege. Zile ulizonazo stoo hazihusiki. Mfuko wa chini nauinua juu ya majani. Simu inalia kila dakika 15, maana huku kwetu asubuhi za Juni na Julai zina baridi ya kuua kindege. Mvua au upepo ukianza, nazikunja. Wakizidi, naachia bila pete, na kwenye fomu naandika kwamba nimeachia. Wageni wanakaribishwa bado, ila chai anaishughulikia mtu mwingine.

Na nikitoka wiki nzima porini, Jumamosi hiyo hakuna nyavu, hata kama ni ya kwanza ya mwezi. Mikono iliyochoka humuumiza ndege kabla mwenyewe hujagundua. Mume wangu ndiye aliyeniambia, na alikuwa sahihi.

Kuna jambo la vibali ambalo wengi hulichukulia kirahisi. Kibali cha utafiti wa wanyamapori, kinachopitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), kinataja mradi, mahali na muda. Ndani ya hifadhi kuna TANAPA, wasimamizi wa hifadhi za taifa, na kwenye msitu wa serikali kuna wenyewe wa misitu. Kibali cha mradi wa Kitulo hakikuruhusu kunasa kurumbiza Tukuyu, na nyavu na pete za mradi si zako. Mwenzangu mmoja aliwahi kunishauri tumalizie pete zilizobaki Jumapili moja mradi ulipofungwa. Kila pete ina namba na kila namba ina mtu wa kuijibia. Nilikataa, na yule mwenzangu alinielewa baadaye. Ukitaka kufanya ya kwako, omba ya kwako, chini ya aliyekufundisha, na uvumilie foleni.

Halafu kijiji. Usifunge wavu kabla hujapita kwa mtendaji na mwenyekiti, na kabla hujawasalimu majirani wa shamba. Mzee mmoja jirani na pale shambani alikuja siku ya kwanza, akasimama mbali, fimbo begani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mnawanasa mkawale?"

Nikamkaribisha. Nikamweka shore kiganjani mwake akiwa ameshavishwa, nikamwambia afungue mkono. Aliporuka, mzee akauliza, "Sasa akifia mbali, nani atajua?" Nikamsimulia habari ya mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire, Uingereza, Mei 1911, akaja kuonekana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912, wakati ambapo watu wa Ulaya walikuwa wanabishana mbayuwayu wao huenda wapi. Alisikiliza hadi mwisho bila neno. Miezi 14 baadaye alinipigia simu. Wajukuu walikuwa wameokota ndege aliyekufa, na pete yake ameihifadhi kwenye kiberiti. Akanisomea namba tarakimu kwa tarakimu, mara mbili. Alikuwa chozi, yule kindege anayefyonza maua, niliyemvisha mimi hatua zipatazo 400 kutoka pale.

Mzee sasa huja kila Jumamosi ya kwanza. Yeye ndiye mtunza saa.

Swali langu nalo limeanza kujibika. Kurumbiza wa kwanza kwenye fomu zangu, mwenye mstari mweupe juu ya jicho na kifua cha rangi ya chungwa, nilimvisha Machi 2018 akiwa tayari mtu mzima. Nilimnasa tena 2019, mara mbili 2021, na 2022. Kisha kimya mwaka mzima na zaidi, nikajua ndiyo basi. Juni 2024, raundi ya tatu, mzee akaniita kutoka kwenye wavu wa mferejini bila kupaza sauti. Pete ilikuwa imekwaruzika, tarakimu mbili za mwisho nilizisoma kwa kuuinamisha mguu kwenye mwanga. Sikumpima mafuta wala manyoya, kulikuwa na baridi. Fomu ilipata namba ya pete na gramu 29. Kwenye daftari la mfukoni niliandika saa, kichaka alichorukia, na kwamba bado anakaa upande uleule wa mfereji.