Fowili haikusaidii kusimama: majibu ya safari za Alps

Kila Novemba ni hivyo hivyo. Wasomaji walioko Ulaya wanapanga kuwapeleka watoto milima ya Alps kwenye ski, yaani kuteleza juu ya theluji, shule zikifungwa Februari, na swali lile lile linarudi kama mdai. Naanza nalo tulimalize.

*Fundi, gari langu ni kubwa na ni fowili. Bado kuna haja ya matairi ya baridi? (Stuttgart)*

Ipo. Mwaka jana nilijibu, mwaka juzi nilijibu. Fowili inapeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu manne ili gari liondoke. Kusimama ni shughuli ya breki na matairi, na breki nne hata Vitz inazo. Kinachogusa barabara ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja kama kiganja cha mkono. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na juu ya theluji unateleza kama ndara kwenye sakafu ya sabuni. Gari likiwa zito ndiyo mbaya zaidi. Wengi ninaowakuta mtaroni ni hao hao wa magari makubwa: walipanda bila shida, wakadhani watashuka vivyo hivyo.

Na wewe uliye Ujerumani, chungulia ubavuni mwa tairi. Unatafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 alama ya zamani, herufi M+S (matope na theluji), peke yake haihesabiki tena. Ukikamatwa kwenye theluji bila alama hiyo ni euro 60 na pointi moja kwenye rekodi yako. Watu wanalipia hoteli maelfu, halafu wanabana matumizi kwenye matairi. Sijawahi kuwaelewa.

*Tunatoka Munich, tunapita Austria hadi Italia. Sheria si moja tu ya Ulaya? (Munich)*

Si moja. Austria, kuanzia 1 Novemba hadi 15 Aprili, barabara ikiwa na theluji au barafu lazima uwe na matairi ya baridi, na meno yake yawe na kina cha milimita 4 au zaidi. Tairi linaloitwa zima Ujerumani linaweza kuwa kipara ukishavuka mpaka. Italia fuata vibao. Sehemu nyingi za kaskazini ni 15 Novemba hadi 15 Aprili, matairi ya baridi au cheni za kufunga juu ya tairi, ziwe ndani ya gari. Anayeelekea Ufaransa ajue kwamba kwenye wilaya za milimani zenye kibao, toka 1 Novemba hadi 31 Machi, ni matairi manne ya baridi, la sivyo uwe na cheni, au soksi za tairi (vitambaa vya kuvalisha tairi), kwenye buti. Uswisi haikulazimishi, ila ukikwama na matairi ya kiangazi ukaziba njia, kosa ni lako.

*Cheni zinafungwa mbele au nyuma?*

Kwenye magurudumu yanayosukumwa na injini. Zifunge mara moja nyumbani, mchana, ukiwa umevaa glovu. Mara ya kwanza isiwe usiku kando ya barabara huku watoto wanalia. Ukishazifunga usizidi kilomita 50 kwa saa, na lami ikionekana, zivue.

*Ramani ya simu inanionyesha njia ya mkato kupitia Furka. Ni salama Januari?*

Imefungwa. Furka, Grimsel, Stelvio na Grossglockner ni barabara zinazopita juu kabisa ya milima, na hufungwa majira yote ya baridi. Anayekwenda kusini apite chini kwa chini kwenye handaki la Gotthard, karibu kilomita 17, au Brenner, ambako barabara kuu iko wazi mwaka mzima.

*Shikamoo fundi. Mwaka jana tukishuka kutoka kituo cha ski breki zilinuka moshi. Nibadilishe pedi? (Birmingham)*

Marahaba. Pedi zikaguliwe, lakini ninayetaka kumkagua ni dereva. Mimi nilifundishwa kushuka mlima wa Kitonga, kwenye lori la mzigo, na mzee aliyenifundisha alikuwa na sheria moja: gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Mlima wa theluji hautaki zaidi ya hapo. Tia gia ya pili mapema, kabla ya mteremko, injini ikushikilie, breki ziguswe kidogo kidogo. Gari la otomatiki nalo lina sehemu ya kuchagua gia kwa mkono. Tafuta iko wapi leo. Anayeshuka na frii ili aokoe mafuta asiniandikie tena.

Tena acha nafasi. Juu ya barafu gari linaweza kuhitaji hadi mara kumi ya umbali wa kawaida kusimama. Usukani uzungushwe polepole, kama umebeba chungu cha mchuzi kitini.

*Maji ya waipa, naweza kuweka ya bomba?*

Hapana. Yataganda kwenye mipira, nawe utakuwa unaendesha kipofu.

*Dizeli yangu nilijaza kusini mwa Italia. Asubuhi mlimani gari likakataa kuwaka. Rafiki kaniambia nichanganye mafuta ya taa.*

Rafiki yako alikuwa dereva wa lori la zamani, namheshimu, lakini usimsikilize. Pampu za dizeli za sasa zinategemea mafuta yenyewe kuzilainisha. Mafuta ya taa yatazila. Kilichotokea ni kwamba dizeli ya nchi ya joto hutoa nta kwenye baridi kali na kuziba filta. Fika karibu na mlima na tangi likiwa chini, ujaze sheli ya huko. Betri nayo ipimwe kabla ya safari, baridi huipunguzia nguvu. Ukilaza gari nje, liache kwenye gia, usivute hendibreki, inaweza kuganda ikakushika.

*Mke wangu anataka tubebe mablanketi, chakula na koleo. Naona anazidisha. (Lyon)*

Msikilize. Tarehe 27 Desemba 2014 theluji iliziba barabara za Savoie, eneo la milima huko huko kwenu Ufaransa, siku ya Jumosi ambayo wageni wa ski hubadilishana. Maelfu ya magari yalikwama na watu wengi walilala kwenye kumbi zilizofunguliwa kwa dharura. Kama unaweza, usisafiri Jumosi.

Hilo koleo ndilo la kwanza kuingia kwenye buti. Mkikwama na theluji ikapanda, msiwashe injini kupata joto kabla ya kushuka na kufukua bomba la moshi, na kila baada ya muda lifukueni tena. Bomba likizibwa, moshi unarudi ndani. Ni gesi ile ile ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, na haina harufu.