Muulize Fundi: Sevo inayotetemeka

Shikamoo Fundi. Nimeunda ndege ya rimoti kwa foamu ya boksi la friji, mabawa yana mita moja ncha hadi ncha. Nilinunua sevo nne, vile vimota vya kugeuza vibao vya mabawa na mkia, zenye lebo ya SG90, elfu tano kila moja, kwenye duka la kava za simu. Jumapili nimeirusha Sahare. Ilipaa vizuri kama dakika mbili, kisha ikaanza kuinamisha pua yenyewe. Nikiinyanyua inarudi nusu tu. Nimeikuta kwenye mikoko, pua imekatika. Sasa hata mezani sevo ya mkiani inatetemeka bila kuguswa. Jamaa wanasema ni feki. Nitajuaje? Na hizi tatu zilizobaki nizitumie?
Kijana wa Chumbageni, Tanga

Marahaba mwanangu, na pole. Mikoko ya Sahare imeshakula ndege zangu mbili. Ya pili niliifuata kwenye tope hadi magotini, nikarudi Ngamiani na baiskeli katika hali ambayo mama watoto alinizuia mlangoni na kuniletea ndoo nje.

Kabla hujamhukumu aliyekuuzia, badilisha waya kwanza. Chomoa ile ya mkiani kwenye risiva, kile kisanduku cha ndani ya ndege kinachopokea amri za rimoti, ichomeke palipokuwa na sevo ya bawa, na ya bawa uilete kwenye nafasi ya mkia. Sevo ile ile ikiendelea kutetemeka, ugonjwa ni wake. Tetemeko likihamia kwa mwenzake, tafuta kwenye risiva au rimoti. Sevo utakuwa umeisingizia.

Kwa ulivyoeleza, nadhani ni sevo. Ndani yake mna mota ndogo, gia, bodi, na kitu ambacho sisi mafundi redio tunakijua tangu zamani: volyumu. Ya redio ikichoka hukwaruza ukiigusa. Hii ya sevo imeshikana na mhimili wa mwisho, kazi yake kuiambia bodi mkono, kile kijiti cha plastiki kinachosukuma kibao, umefika wapi. Risiva inatuma mapigo 50 kila sekunde. Pigo la milisekunde 1.5 maana yake kaa katikati, la 1 nenda upande huu, la 2 upande ule. Bodi inalinganisha pigo na habari za volyumu. Volyumu ikiwa ya ovyo, mkono umeshafika lakini bodi inaambiwa bado, basi inausukuma, unapitiliza, inaurudisha. Ndilo tetemeko lako. Kule kurudi nusu kunaletwa na gia zilizolegea au bodi isiyojali tofauti ndogo: mkono unaishia jirani na katikati, ikaridhika. Kwenye mlango wa banda la kuku usingejua. Kwenye kibao cha mkia, digrii tatu tu zinatosha kuipeleka pua chini.

Kuhusu lebo, isahau. SG90 ni sevo ya TowerPro, na imeigwa na watu wengi mno. Karatasi yenye jina hilo inachapishwa popote. Ya kwao inatajwa kuwa na gramu 9 na nguvu ya kilo 1.8 kwa mkono wa sentimita moja, kwa volti 4.8. Mwaka jana nilinunua nne za pakiti moja, lebo moja, waya wa rangi zile zile: kahawia, nyekundu, chungwa. Nikazipeleka kwa sonara jirani yangu, maana mizani yake inasoma hadi sehemu ya gramu. Akaziweka moja moja, akanitazama juu ya miwani: "Hizi za karati ngapi, mzee?" Tatu zilikaribiana, ya nne ilipungua karibu gramu nzima. Nilipoifungua, zile skrubu nne ndefu za chini, nikakuta mota fupi kuliko ya wenzake. Ila uzito peke yake usiufanye hakimu, waya ukiwa mrefu nao unapimwa.

Kipimo ninachokiamini ni njiti ya ufagio wa chelewa. Kata sentimita 10, ibandike kwenye mkono wa sevo, chini yake weka karatasi. Washa, weka katikati, piga alama ya penseli kwenye ncha. Ipeleke kushoto hadi mwisho, irudishe, piga alama. Kisha kulia, irudishe, piga alama. Rudia mara kumi. Kwa urefu huo digrii tatu ni nusu sentimita, utaiona bila miwani. Alama zikirundikana, sevo ni mtulivu. Zikisambaa kama mbegu za mchicha, usiirushe.

Baada ya hapo nusu kilo ya sukari. Ifunge kwa uzi kwenye tundu lililo sentimita moja kutoka katikati ya mkono, uiambie sevo ipandishe. Inayosema kilo 1.8 isihangaike na nusu kilo. Ipandishe na kushusha kwa dakika tano, kisha iguse: vuguvugu sawa, lakini ikikuunguza kidole hiyo haifiki mbali. Sikiliza pia. Gia ikiruka jino inalia "tak", na ukishaisikia mara moja umemaliza, haiponi.

Usidharau jambo la umeme. Sevo ndogo iliyokwama inaweza kuvuta zaidi ya nusu ampia. Zikikwama mbili tatu pamoja, volti ya risiva inashuka, risiva inazima, na hapo hata sevo nzima haikusaidii. Kwa hiyo hakikisha vibao vyako vinacheza kwa ulaini. Bawaba ya selotepu iliyokaza inaua sevo orijino pia.

Hizo tatu zipime kwa njiti. Zikifaulu, weka kwenye mabawa na usukani, na mkiani nunua nyingine ya mtengenezaji anayeweka jina lake mwenyewe. Zipo za bei nafuu na za kuaminika. Unafuu si kosa, kosa ni kuvaa jina la mtu. Mabawani hakikisha mbili zinazunguka kiasi kile kile, maana za kuiga hutofautiana hata ndani ya pakiti, na ndege italalia upande mmoja. Na rusha asubuhi, kabla kusi haijaamka.

Fundi, muuzaji wangu anasema sevo ikishafungwa kwenye ndege hairudishwi. Nifanyeje?
Msomaji, Bagamoyo

Kwa hiyo uliyokwisha kuifunga, sina dawa ya haraka. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, ile FCC, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, nawe ukiwa na risiti peleka habari. Lakini kwa sevo ya elfu tano, nauli ya kwenda Dar na kurudi itaimeza.

Mimi natembea na testa ya sevo mfukoni, kidude chenye kitufe cha kuzungusha, na betri nne za kuchaji za AA ambazo pamoja zinatoa volti 4.8. Napima hapo hapo kwenye kaunta, pesa ingali mkononi mwangu. Mara ya kwanza muuzaji alinuna. Siku hizi ananiita nimpimie mzigo mpya kabla hajaupanga, na mbovu anaziweka kwenye kopo la maziwa chini ya meza.