Meli isiyo na nahodha itauona mtumbwi wangu?

SWALI: Shikamoo kapteni. Mi mvuvi wa Msangamkuu hapa Mtwara, navua usiku na mdogo wangu kwa mtumbwi. Kijana mmoja katuonyesha kwenye simu meli ya Ulaya inatembea yenyewe, eti kompyuta ndo inashika usukani. Sasa hapa meli za korosho na makaa ya mawe zinapita na zina watu na bado tunakaa roho juu, wakituletea hizo itakuaje, zitatuona kweli?
Mvuvi, Msangamkuu

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeuliza kitu cha maana sana.

Hiyo meli huenda ni Yara Birkeland ya Norway, ya betri, inabeba makontena 120, ilianza kazi 2022 kusafirisha mbolea, safari fupi tu ya Porsgrunn kwenda Brevik. Na ilianza ikiwa na mabaharia ndani, kompyuta inafanya kazi huku watu wanaiangalia. Hapo nawaunga mkono, maana meli haiaminiwi kwa sababu tu imefika salama jana.

Shida ni macho yake. Ina rada, ina kamera, inapokea ishara za meli kubwa zinazojitangaza ziko wapi, ila mtumbwi wako haujitangazi, afu ni mbao iliyolowa iko chini chini usawa wa maji, kusi ikichafuka, kwenye rada unapotelea humo humo kwenye mawimbi. Usiku mmoja nilikuwa zamu, rada nyeupe kabisa hakuna kitu, mwenzangu akaona kitochi kinapepea mbele kulia, tukakata usukani tukawapita wavuvi wakiwa wanagonga debe, lile debe mpaka leo nalisikia masikioni. Sheria za kuzuia kugongana baharini za 1972 zinataka kila chombo kilinde kwa kuona na kwa kusikia pia, muda wote. Kwa hiyo atakayeleta meli ya kompyuta huku aulizwe, inasikia debe? Imejaribiwa na mitumbwi ya mbao usiku wa giza na mvua, au na boti za Ulaya tu? TASAC ndo wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, siku hiyo ikifika mi ningetaka nyie wavuvi muwepo kwenye majaribio na mitumbwi yenu.

Na ikikatikiwa mawasiliano na wanaoisimamia nchi kavu? Inatakiwa ijue yenyewe kwamba imezidiwa, ipunguze mwendo, isimame au itie nanga sehemu salama, sio iendelee tu kukata maji. Hata chuma kinachoka, boti moja isiyo na mtu, Mayflower, 2021 ilitaka kuvuka Atlantiki ikarudishwa na hitilafu ya mitambo, hakuna fundi ndani wa kushika spana, ikaja kufika Kanada 2022.

Kwa sasa, hata kwa hizi meli zenye watu, chukua vipande vitatu vya bati bapa uvipachike kama kona ya sanduku, ufunge juu kabisa ya mlingoti, rada inapenda sana kona hiyo. Beba taa nyeupe inayowaka kweli. Usitege pale mlango wa bandari, ni mwembamba na meli kubwa haina pa kukukwepea. Na jarife likiwa majini usiku msilale wote wawili, mmoja akae macho.