Woody Strode: kwa nini yule jamaa wa Spartacus hakuwahi kuwa steringi

Mleta uzi kauliza: yule mtumwa mweusi mrefu anayepigana na Spartacus kwenye filamu ya jina hilo, mwenye wavu na mkuki wa ncha tatu, ni nani na kwa nini hakuwahi kuwa steringi? Kuna waliojibu kuwa ni mtu wa kujazia tu aliyebahatika kuonekana. Sikubaliani kabisa. Mimi nimeigiza jukwaani miaka mingi, karibu mara zote nikiwa mtumishi, askari au jirani, na huyu bwana amenifundisha kazi hiyo kuliko mwalimu yeyote.

Anaitwa Woody Strode. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1914, na kabla ya sinema alikuwa mwanamichezo. Chuoni UCLA alicheza futiboli ya Kimarekani pamoja na Kenny Washington na Jackie Robinson, yule aliyekuja kuwafungulia weusi mlango wa besiboli mwaka 1947. NFL, ligi kuu ya futiboli hiyo, wakati huo ilikuwa imewafungia weusi nje zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1946 timu ya Rams ilihamia Los Angeles na kutaka kutumia uwanja wa Coliseum, ambao ni mali ya umma. Magazeti ya weusi yakabana: uwanja wa umma hauwezi kutumiwa na timu inayobagua. Rams wakamsajili Washington, kisha Strode. Alikuwa na miaka 32 tayari, akacheza msimu mmoja wakamwacha. Akaenda Kanada, na mwaka 1948 akatwaa Kombe la Grey, la futiboli ya huko, na timu ya Calgary Stampeders. Baada ya hapo mieleka.

Kwenye sinema walimwita kwa sababu ya umbo. Vua shati, shika mkuki, simama pale. Katika The Ten Commandments ya 1956 ni mfalme wa Ethiopia, na ukikaza macho utamwona tena humo humo miongoni mwa wabeba kiti cha binti Farao.

Sasa turudi kwa Draba, yule mtumwa mwenye wavu wa Spartacus, filamu ya 1960 kuhusu watumwa wanaopiganishwa hadi kufa mbele ya Warumi. Mapema kwenye filamu Spartacus anamuuliza jina, naye anakataa kulitaja, kwa sababu huenda siku moja watakutanishwa ulingoni na itabidi amuue. Siku inafika. Wamekaa ndani ya kibanda cha mbao wakitazamana, nje wenzao wanauana, na hakuna anayesema neno. Wakitoka, Draba anashinda. Mkuki uko shingoni mwa Spartacus, Warumi juu wanataka amalize. Anatazama chini, anatazama juu, halafu anaurusha mkuki kwa wale waheshimiwa na kuanza kuukwea ukuta kuwafuata. Mlinzi anamchoma mgongoni, na mmoja wa waheshimiwa hao, Crassus, anayeigizwa na Laurence Olivier, anamkata shingoni kwa kisu. Filamu ina zaidi ya saa tatu na Strode yupo dakika chache tu, lakini uamuzi wake ule ndio unaouzaa uasi wote unaofuata. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Golden Globe kwa kazi ile, na alistahili.

Wanaoigiza watanielewa hapa. Ukipewa nafasi ndogo, unashawishika kuongeza vitu ili watu wakuone: kukohoa, kupangusa jasho, kukunja uso wakati mwenzako anaongea. Strode alifanya kinyume. Vijana wa kundi letu huwa nawawekea mwanzo wa Once Upon a Time in the West, ile ya Sergio Leone ya 1968. Watu watatu wabaya wanasubiri treni kwenye stesheni iliyochakaa. Strode kasimama chini ya tangi la maji, tone linamdondokea kwenye upara. Anainua macho kidogo, anavaa kofia, basi. Matone yanaendelea, sasa mlio umebadilika kwa sababu yanagonga kofia. Hasogei. Dakika zinapita, kofia inajaa, na treni inapokaribia anaivua taratibu na kuyanywa yale maji ukingoni. Muda mfupi baadaye anapigwa risasi, na hajatamka neno. Kijana mmoja akaniuliza, sasa hapo kaigiza nini? Nikamwambia asimame vile dakika mbili mbele yetu bila kugusa uso. Alishindwa.

Kuhusu swali la pili, mkuu, kipaji hakikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa Hollywood ya miaka ile. Chukua Sergeant Rutledge, 1960, ya mwongozaji John Ford. Rutledge ni sajini mweusi anayeshtakiwa kwa kubaka na kuua, na studio ilitaka nyota weusi wa wakati huo, Sidney Poitier au Harry Belafonte. Ford akamng'ang'ania Strode. Filamu nzima inamhusu yeye, ina jina la mhusika wake, na bado jina la Strode liliwekwa chini ya majina ya wazungu watatu. Mwenyewe alikuja kusema kwamba alipovuka mto Pecos juu ya farasi katika filamu ile, aliwavusha watu weusi wote.

Miaka miwili baadaye, Ford huyo huyo akampa nafasi ya Pompey katika The Man Who Shot Liberty Valance, kibarua wa John Wayne. Darasani anasoma kwa kichwa Azimio la Uhuru la Marekani, anakwama penye maneno kwamba watu wote wameumbwa sawa. Mwalimu, James Stewart, anamwambia wengi huyasahau hayo. Tazama uso wa Strode pale, mtu mzima anayejitahidi mbele ya watoto. Inaniuma kila mara.

Italia ndiko walikompa nafasi ya mbele. Mwaka 1968, ule ule wa filamu ya Leone, mwongozaji Valerio Zurlini alimpa uhusika mkuu katika filamu iliyokuja kuitwa Black Jesus kwa Kiingereza: kiongozi wa Kiafrika anayekamatwa, kuteswa na kuuawa, na hadithi yenyewe imechotwa kwa Patrice Lumumba. Ndugu zetu wa Kongo mliomo humu, hiyo itafuteni. Ule utulivu wake uliokuwa ukitumika kupamba mandhari ya watu wengine, humo unabeba filamu nzima.

Alifariki 31 Desemba 1994. Filamu yake ya mwisho, The Quick and the Dead, ilitoka mwaka uliofuata. Humo ni mtengeneza majeneza. Na aliyeuliza kama Woody wa katuni ya Toy Story kapewa jina lake, ndiyo, ni kweli.

Kwa anayetaka kuanza: Sergeant Rutledge kwanza, halafu Liberty Valance, kisha The Professionals ya 1966, ambamo anatumia upinde na mishale iliyofungwa baruti. Black Jesus iwe ya mwisho, na atakayeipata yenye picha safi aniambie humu.