MPV kubwa haimaanishi chembe sahani zimeamshwa
Je, MPV (wastani wa ukubwa wa chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia kuigandisha) ikiwa juu kwenye FBP (kipimo cha picha kamili ya damu), ina maana chembe hizo zimeamshwa? Hapana, haitoshi kusema hivyo. Ikiwa imetulia, chembe sahani ni bapa, upana wake mikromita 2 hadi 3. Ikigusa kolajeni (protini ya ukutani) ya mshipa uliochanika au ikipata thrombini (kimeng'enya cha kugandisha damu), kalsiamu hupanda ndani yake, inaviringika kama tufe, inachomoza vidole vyembamba, kisha inamwaga ADP, kemikali ya kuwaita wenzake. Kwenye sepsisi (mwitikio hatari wa mwili kwa maambukizi) hayo huweza kutokea hata bila jeraha.

Shida iko kwenye kichupa cha damu. EDTA (kizuia mgando kilicho kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau) nayo huzigeuza chembe sahani kuwa tufe, kwa hiyo MPV hupanda sampuli ikikaa, hasa saa moja mbili za mwanzo. Damu iliyosubiri foleni ya maabara hailinganishwi na iliyopimwa papo hapo. Halafu MPV kubwa mara nyingi ni chembe changa tu zilizotoka kwenye uboho, kama ilivyo kwa ITP (ugonjwa ambao kinga ya mwili huharibu chembe sahani).

Kuamshwa kwenyewe hupimwa kwa flosaitometria (kuchunguza chembe moja moja kwa leza), ikitafutwa P-selektini, protini inayojitokeza juu ya utando chembe ikiamshwa, na damu huchukuliwa kwenye sitrati, kizuia mgando kingine.